Fundi Mizani na Tiki ya Namba Sitini na Moja

Wazee wa pande zote mbili, viongozi wa dini, majirani, wafanyakazi wa idara ya vipimo mlio kazini na mliostaafu, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha, familia imemtuma binti wa kwanza wa marehemu awasomee maisha ya baba yake, naye kabla hajaanza anawaomba radhi, kwa kuwa karatasi hii ilibishaniwa mpaka asubuhi ya leo, maana ipo sehemu ambayo baba mkubwa, kaka wa marehemu, aliona haifai kusomwa mbele za watu, na mjane akasema isomwe, tena isomwe yote, na penye ubishi wa namna hiyo mwenye neno la mwisho ni mjane.

Sehemu yenyewe mtaitambua tukiifikia. Kwa sasa itoshe kujua kwamba marehemu, ambaye wengi wenu hamkumwita kwa jina lingine ila Fundi Mizani, aliishi miaka hamsini na mmoja akiwa na tumbo joto kwa ajili ya mizani moja tu, mizani ya kupimia watoto wachanga, namba sitini na moja, ambayo hakujua iko wapi, na ambayo aliogopa kwamba pengine imeua mtoto wa mtu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1944, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama mfinyanzi, na hata tarehe hiyo ina maneno yake, kwa sababu siku mama alipompeleka kuandikishwa shule, Januari 1952, hakuwa na karatasi yoyote, alichokumbuka ni kwamba mtoto alizaliwa siku ya tatu tangu mumewe alipomaliza mlango wa posta, basi mwalimu akachukua kofia yake, akaenda posta kwa miguu, akakuta seremala amechonga tarehe 6 Mei kwenye kizingiti, akajumlisha tatu, akarudi na siku ya kuzaliwa ya mwanafunzi wake. Miaka michache baadaye mtoto yule yule akamuuliza mama yake kama siku ya kumaliza mlango ilihesabiwa ndani ya zile tatu au iliachwa nje, mama akamwambia aende zake akacheze, na tangu siku hiyo kila alipojaza fomu mkono ulisita kidogo kwenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa. Hapo ndipo wasiwasi wake ulipoanza, na haukumwacha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1952 hadi 1959, akafaulu vizuri hesabu na vibaya kuimba, na huko shuleni ndiko alikojizoeza tabia mliyomjua nayo, ya kupiga hesabu kwenda na kurudi, yaani akiambiwa ageuze maili kuwa yadi hupata jibu, kisha hulichukua lile jibu akaligeuza kuwa maili tena, lisipofika lilikotoka hufuta yote akaanza upya, ndiyo maana alikuwa wa mwisho kukusanya karatasi na wa kwanza kwa alama. Kuanzia 1960 hadi 1963 alisomea ufundi wa vyuma, na tarehe 1 Februari 1965 aliajiriwa na idara ya vipimo akiwa fundi msaidizi wa mizani, katika karakana ile yenye madirisha ya juu na meza ndefu ya zinki, ambako mtu haruhusiwi kupiga chafya mizani midogo ikiwa wazi.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana, palikuwa na duka la fundi cherehani, msichana mwenye ulimi mwepesi, ambaye tepu yake ilikuwa ya inchi na mishono aliyoletewa ilikuwa ya sentimita, na Fundi Mizani akajipa kazi ya kumgeuzia vipimo kila mchana, bila kuombwa, akisimama mlangoni na penseli sikioni. Mjane anasema alijua kugeuza vipimo vyake mwenyewe tangu zamani, ila aliona haraka ya nini. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970, lakini kabla ya siku hiyo palikuwa na mlima wa kupanda, kwa maana dini ya nyumbani kwa msichana haikuwa dini ya nyumbani kwa seremala, na wazazi wa msichana walisema wazi kwamba asiyebadili dini asilete posa.

Hili nalo lisemwe leo, kwa kuwa pande zote mbili zimekaa hapa na tunajua kuna wanaojiuliza kimoyomoyo. Mafunzo ya dini mpya yalikuwa ya miezi mitatu, yeye yalimchukua miezi kumi na moja, kwa sababu kila somo aliuliza maswali, mpaka mwalimu wa dini akamwambia, "Wewe bwana, wenzako wanataka cheti tu wakaoe," naye akajibu kwamba mizani haigeuki kwa kubandikwa uso mpya, mkono wa ndani ukibaki ule ule basi mizani ni ya zamani na uso ni uongo. Seremala hakusema na mwanawe kwa miezi saba. Mama mkwe naye, Mungu amrehemu, kwa miaka mingi hakufumba macho wakati wa sala, alikuwa anachungulia kama mkwe wake amefumba yake, na bibi harusi akawa anamchungulia mama anayechungulia, ikawa katika benchi zima anayesali ni Fundi Mizani peke yake. Kwa mtu aliyehakiki kila kitu, mpaka maji ya kuoga, binti yake anashuhudia kwamba hili ndilo jambo moja maishani mwake aliloligeuza kwenda bila kulirudisha lilikotoka, na baba mkubwa, kwa heshima zote, anaombwa apumue.

Sasa tumefika mwaka 1972, na hapa ndipo penye ubishi. Mwaka huo ilitolewa amri kwamba ratili ziachwe na nchi nzima itumie kilo, sokoni, vinuni, bandarini na hospitalini, na Fundi Mizani, aliyekwisha kupandishwa cheo, alikabidhiwa mizani mia moja na kumi na minane ya hospitali na zahanati, pamoja na orodha, na mwisho wa kazi uliwekwa Ijumaa tarehe 15 Septemba. Mizani ya watoto ilikuwa na sinia juu na mkono wa chuma chini yake, mkono umechongwa namba, na juu yake kuna jiwe dogo la kusogezwa mpaka mkono utulie, hivyo kuibadilisha ilikuwa kufungua skrubu nne, kutoa mkono wa ratili, kufunga mkono wa kilo na jiwe lake jipya, kuijaribu kwa mawe ya kupimia, kuipiga lakiri ya risasi ili isichezewe, na baada ya hayo yote ndipo kuweka tiki kwenye orodha. Tiki ilikuwa ya mwisho siku zote. Wenzake wanakumbuka alivyowafokea waliotia tiki kwanza na kufanya kazi baadaye, akisema tiki ni kiapo.

Siku ya Alhamisi tarehe 14 Septemba 1972, saa saba na nusu mchana, alikuwa bohari ya dawa, akiwa amebakiza mizani moja tu kati ya zote, namba sitini na moja, na alikuwa ameshafungua skrubu ya kwanza na kuitia mfukoni, tarishi alipoingia anahema na kumwambia mkewe yuko chumba cha kujifungulia na mambo si mazuri. Akaruka. Lakini mtunza bohari, mtu wa taratibu asiyejua hili wala lile zaidi ya daftari lake, akasimama mlangoni na kumwambia bohari haifungwi ukurasa ukiwa wazi, asaini au abaki, na Fundi Mizani, ambaye hakuwahi kufanya hivyo kabla na hakufanya tena baada, akatia tiki mbele ya namba sitini na moja, akijiambia atarudi kabla ya jioni kuimalizia, akatoka mbio.

Mtoto alizaliwa saa kumi na dakika kumi, msichana, mzima, ndiye huyu anayewasomea. Mama yake alipoteza damu nyingi, kwa siku tatu haikujulikana kama atapona, na kwa siku tatu mumewe hakuondoka kwenye benchi la nje ya wodi wala hakukumbuka kwamba duniani kuna mizani.

Aliporudi bohari Jumatatu tarehe 18, shelfu ilikuwa tupu. Mizani kumi na minne ya watoto ilikuwa imepakiwa Ijumaa na kupelekwa zahanati kumi na nne za pembezoni, daftari likisema idadi tu bila namba, na pamoja na mizani zilikwenda chati mpya za dawa, zinazosema mtoto wa kilo fulani apewe kiasi fulani. Hebu fikirini alichofikiria yeye pale aliposimama, mtoto wa kilo tano juu ya mizani ya ratili anasoma kumi na moja, na nesi mgeni anayeamini kwamba mizani yote imebadilishwa anafungua chati kwenye kumi na moja, anampa dawa ya watoto wawili na zaidi.

Akaenda moja kwa moja ofisini kukiri. Akakuta wafanyakazi wote wamesimama kwenye karakana, na Mkaguzi Mkuu, bwana aliyekuwa akimfukuza mtu kazi kabla ya chai na kumsahau baada ya chai, ameshika cheti chenye fremu, akatangaza kwamba kijana huyu amemaliza kazi siku moja kabla ya muda na juu ya hapo amepata mtoto, watu wakapiga makofi, Fundi Mizani akafungua mdomo aseme, na kilichotoka ni neno asante. Asante ile ilimla maisha yake yote. Cheti hakikuwahi kutundikwa sebuleni, kilikaa nyuma ya mlango wa stoo, kimegeuzwa uso ukutani.

Tangu hapo akaanza kutafuta. Alikuwa na likizo ya siku ishirini na nane kwa mwaka, na kuanzia 1973 kila likizo alifungasha mkoba wake wa kazi akasema anakwenda kumwona rafiki, akirudi amekonda, viatu vimekwisha, hasemi lolote. Mjane anakubali tulisome hili, kwamba alishajua ni mwanamke, na tena alishampa mwanamke huyo sura na urefu, hivyo likizo ya Juni 1974 ilipofika akamwacha mtoto kwa jirani, akamfuata mumewe kwa nyuma kwa siku nzima, gari kwa gari, mpaka zahanati moja ya mbali, akavuta pumzi, akasukuma mlango kwa kishindo, akamkuta amepiga magoti chini ya meza, uso umejaa vumbi, anasoma namba kwenye kitako cha mizani ya watoto. "Si yenyewe," ndilo neno alilomwambia mkewe, kabla hata ya kumuuliza amefikaje pale. Wakakaa kwenye ngazi za zahanati, akamweleza yote akilia, na mkewe, aliyekuja na maneno ya kutosha wiki nzima, akampangusa vumbi usoni kwa kanga yake. Siku hiyo ndipo marehemu alipomwita binti yake kwa mara ya kwanza jina mnalolijua, Tiki, na wengi mlidhani ni jina la kudekeza.

Kati ya zahanati kumi na nne, kumi na tatu alizifikia akakuta mizani iliyobadilishwa kwa mkono wake, lakiri ipo, kila kitu sawa. Ya kumi na nne, ya mwisho kabisa, aliifikia tarehe 19 Juni 1975, akapokewa na nesi kijana aliyemwambia kwamba hawana mizani, hawajawahi kuletewa, watoto wanakadiriwa kwa macho, akampa kiti na maji ya kunywa, akanywa, akashukuru, akaandika kwenye daftari lake, kumi na nne, hawana. Kwa hesabu yake basi ile namba sitini na moja ilishushwa njiani, mahali popote, na kilichokuwa utafutaji wa sehemu kumi na nne kikawa utafutaji wa nchi nzima.

Wakati huo huo maisha hayakumsubiri. Mungu aliwajalia watoto wengine watatu, mwaka 1975, 1978 na 1982, na nyumba ilipowabana alinunua jengo la kinu cha kusagia nafaka kilichofungwa, akaligeuza kuwa makazi kwa mikono yake mwaka 1983, penye mashine pakawa jikoni, penye magunia pakawa chumba cha wasichana, ila ile mizani kubwa ya kupimia magunia, iliyochimbiwa sakafuni mlangoni, alikataa kuing'oa, akaibadilisha kuwa ya kilo na kuiacha pale pale, na mshale wake uko nyuma ya mlango. Kila mgeni wa nyumba hii amepimwa bila kujua. Jirani mmoja, ambaye yupo hapa na hatutamtazama, alipogundua siri hiyo alianza kupitia mlango wa jikoni, na anapitia huko mpaka leo.

Alifanya kazi miaka thelathini na tisa na miezi mitano, akafundisha mafundi wengi, akastaafu tarehe 30 Juni 2004, na siku ya kuagwa, mbele ya mkubwa mpya wa idara, ndipo alipokiri. Mkubwa yule, kijana mwenye adabu, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole kwamba orodha za mwaka ule zilishaliwa na mchwa, hakuna anayemdai, aende akapumzike. Alirudi nyumbani amepauka. Alitegemea adhabu akapewa pole, na pole haikuwa na mahali pa kuifunga.

Mwaka 2016 aligundulika kuwa na kisukari, daktari akamweleza kwamba mwili wake umechoka kugeuza chakula kuwa nguvu, sukari inabaki njiani, naye akatikisa kichwa akasema anaelewa sana habari ya vitu kubaki njiani. Wasiwasi wetu ukaanza pale wake ulipotulia. Mwaka 2019 hospitali ya kwanza ilimpima wakaandika tisa, wiki iliyofuata hospitali nyingine ikaandika mia moja sitini na mbili, nyumba ikawa kaa la moto, wadogo wakalia, mdogo wetu wa kiume akawasha gari, mjane akafungasha nguo, na mgonjwa mwenyewe kitandani akaomba penseli, akagawa kwa kumi na nane, akarudisha kwa kuzidisha, akatuambia kwa sauti ya karakana, "Kaeni chini, ni namba ile ile, wametumia vipimo viwili." Tulikaa chini.

Tarehe 16 Oktoba mwaka huu, figo zikiwa zimeshindwa, alilazwa. Kila nesi aliyemjia na dawa alimuuliza uzito wake umepatikana kwa mizani gani, na wauguzi wale, Mungu awabariki, walimletea mizani yenyewe mpaka kitandani aione. Nguvu zilipopungua maswali yakabaki moja, alikuwa anafungua macho, anamtazama binti yake, anasema, "Sitini na moja?" na binti anajibu, "Tunatafuta, Baba," mara kumi kwa siku, mara ishirini, na kila mara uso wa mzee ulikunjamana mtu asiweze kuutazama.

Baba mkubwa alimwita Tiki nje kwenye korido akamwambia, mwambie imepatikana, mwache mdogo wangu aende kwa amani, uongo wa namna hiyo hauna dhambi. Tiki alikataa siku tatu. Siku ya Jumapili tarehe 5 Novemba, kama saa tisa mchana, roho ilimshinda, akapiga moyo konde, akainama sikioni mwa baba yake, akamwambia imeonekana, na ilikuwa imebadilishwa vizuri, hakuna aliyedhurika. Mzee alifumbua macho yote mawili. Akauliza, taratibu kabisa, mkono wake ulikuwa na skrubu ngapi. Tiki akajibu, "Nne, Baba." Mzee akatabasamu, akaupapasa mkono wa bintiye, akasema, "Asante kwa kujaribu, Tiki," akageukia ukutani, na hakuuliza tena.

Alifariki Jumanne tarehe 7 Novemba 2023, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, miezi mitano na siku ishirini na tisa, kama mwalimu wa mwaka 1952 alihesabu mlango wa posta sawasawa.

Habari ya ile skrubu ya kwanza aliyoitia mfukoni, ambayo mmeisikia mapema, sisi hatukuijua, hata mjane hakuijua. Tumeijua Jumanne hiyo hiyo mchana, tulipofungua mkoba wake wa kazi kutafuta vitambulisho, tukakuta kiberiti kitupu, ndani yake skrubu moja yenye kutu na karatasi iliyokunjwa, imeandikwa kwa mkono wake, "Ya 61. Zimebaki tatu." Tiki alikaa chini sakafuni, juu ya ile mizani ya magunia, akalia kwa sababu alielewa kwamba alimdanganya mtu aliyekuwa na ushahidi mfukoni miaka yote.

Ndiyo maana tangazo la msiba redioni siku ya Jumatano lilimalizika kwa maneno yaliyowashangaza wengi, na yaliyomtia baba mkubwa aibu, kwamba mwenye habari za mizani ya watoto namba sitini na moja anaombwa afike nyumbani kwa marehemu. Tiki alimlipa mtangazaji kabla ya kuuliza ruhusa. Simu zilizokuja nyingi zilikuwa za kutuuliza kama tuko sawa.

Alhamisi alasiri akashuka mama mmoja mtu mzima, nesi mstaafu, wa miaka sabini na tatu, amebeba kapu, akaomba kuonana na mjane peke yake, na sote tukajikusanya mlangoni. Alisema amekuja kuomba msamaha. Alisema mwaka 1975 alikuja mgeni mwenye mkoba wa idara ya vipimo, na zahanati ya jirani ilikuwa imenyang'anywa mizani yake na wakaguzi, ikasemekana ni mbovu, haikurudi, watoto wakawa wanakadiriwa kwa macho, basi alipomwona mgeni kwa mbali aliificha mizani yake, yenye namba sitini na moja kitakoni, stoo chini ya magunia, na mgeni akakaa kwenye kiti hatua tatu kutoka mlango wa stoo, akaambiwa hakuna, akashukuru kwa maji. "Alinishukuru sana," akasema yule mama, "na mimi nilikuwa nimemdanganya."

Mjane alimuuliza swali ambalo nyumba nzima ilikuwa inaliogopa, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hata msomaji wenu pale mlangoni alitamani kuziba masikio. Alimuuliza watoto je.

Yule mama akasema mtoto wa kwanza aliyempima siku mizani ilipofika alikuwa wa miezi mitatu, akasoma kumi na tatu, na yeye akajiambia mtoto wa miezi mitatu hafiki kilo kumi na tatu hata mama yake angemlisha saruji, akaelewa pale pale kwamba mizani bado ni ya ratili, akaogopa kuandika barua wasije wakaichukua, basi akanunua daftari, akachora mistari miwili, kushoto ratili, kulia kilo, na kila mtoto aliyepanda kwenye sinia lile akamgeuza mwenyewe kwa penseli kabla ya kufungua chati, kwa miaka kumi na mmoja, mpaka sinia lilipopasuka mwaka 1983. Akafungua kapu akatoa daftari tisa, na chini yake, kimefungwa kwenye kanga, chuma ambacho alikuwa akikitumia kuegeshea dirisha, mkono wa mizani.

Ijumaa kutwa, huku wengine wakipanga viti, watoto na wajukuu wa Fundi Mizani walikaa kwenye meza ya jikoni wakapiga hesabu zile zote upya, watoto elfu nne mia tatu na kumi na wanane, kwenda na kurudi, kama alivyotulea. Tulikuta makosa saba. Yote saba yule mama alikuwa ameandika kilo pungufu kidogo kuliko ilivyo, hakuna hata mahali pamoja alipozidisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, waliomvumilia mgonjwa aliyewakagua, inawashukuru majirani kwa maturubai, maji na sufuria, akiwemo yule wa mlango wa jikoni, inawashukuru wafanyakazi wa idara ya vipimo waliokuja na jeneza alilopimiwa mara mbili, na inamshukuru mwalimu wa dini, aliye mzee sana sasa, kwa ile miezi kumi na moja. Na wewe, mama uliyekaa hapo karibu na mjane, hatuna neno linalokutosha, msamaha ulioomba ulishapewa kabla hujafunga mdomo, na sisi tunakuomba wa kwako, kwa mzigo aliokuachia baba yetu ukaubeba bila kumjua.

Baba, huyu ni Tiki, na safari hii hakudanganyi. Namba sitini na moja imeonekana. Hukuibadilisha, mkono wake ni wa ratili, umelala hapa juu ya jeneza lako, na aliyeibadilisha ni huyu mama, mtoto mmoja mmoja, na wote tumewahakiki. Uliniuliza ulikuwa na skrubu ngapi nikakujibu vibaya. Zilikuwa tatu, Baba, na kwenye tundu la nne huyu mama alikuwa amefunga waya. Pumzika kwa amani.